Sikio Lililochoka Huomba Sauti Zaidi

Benga ya Wakamba haina haraka ya kwisha. Kuanzia Tulia, Kitui, hadi Wote, Makueni, bendi hupanda jukwaani usiku na kushuka alfajiri, na wapenzi wa nyimbo za Kakai Kilonzo au Peter Mwambi wanajua utamu wa gita la solo linapokolea usiku wa manane. Hata wapigaji wa kilumi, ngoma ya jadi iliyo kongwe kuliko gita, hukesha. Utamu huo una gharama, na anayeilipa ni mwanamuziki.

Tuanze na sikio. Ndani kabisa mna chembe ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za ubongo. Kelele huzichosha, nazo hupona kwa mapumziko. Zikifa, hazioti tena maishani. Wataalamu wengi wa usalama kazini hukubali desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo spika za jukwaani huzifikia bila taabu, zimebaki dakika 15 tu.

Ubaya ni kwamba sikio lililochoka halijitangazi. Mpiga solo huhisi gita lake limefifia, akaomba fundi wa mitambo aongeze. Wa besi naye akaongeza ili asimezwe. Ifikapo saa tisa usiku bendi nzima inapiga kwa nguvu kuliko ilivyoanza, na hakuna jukwaani anayetambua.

Ubongo nao umechoka. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 huitikia mambo polepole kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akafungasha vyombo na kusafiri, hufika hapo saa tano usiku, shoo ikiwa bado mbichi. Vidole havimwangushi mapema, kwa kuwa mipigo aliyoirudia miaka mingi imezama ndani sana. Kinachotangulia kuyumba ni kumbukumbu ya papo kwa papo, ile inayomwezesha mwimbaji kutaja waliohudhuria na vijiji vyao bila kuwachanganya. Mwanamuziki huchelewa pia kugundua kwamba uzi wa gita umelegea: sauti imefika sikioni, lakini ubongo haukuikamata.

Usingizi ndio unaohifadhi mazoezi. Mwaka 2002, Matthew Walker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kuwa watu waliojifunza mfuatano wa vidole walikuwa wepesi zaidi kwa karibu asilimia 20 baada ya kulala usiku, bila kufanya mazoezi mengine. Kwa hiyo bendi inayojifunza wimbo mpya kisha ikaingia mkeshani bila kulala inajichosha bure.

Wanamuziki, wekeni alama ya sauti kwenye amplifaya jioni, na msiivuke. Vaeni vizibo vya masikio vya wanamuziki, pamba haitoshi. Mlio masikioni ukizidi siku moja, nendeni hospitali. Dereva asiwe aliyekuwa jukwaani. Nanyi wenye kumbi na waandaaji wa shoo, mkitaka muziki hadi asubuhi, lipieni bendi mbili zipokezane.