Jina likigeuzwa, ripoti ya malaria inapotea

Kila mwezi vituo vya afya vinatuma hesabu ya wagonjwa. Hapa DRC hesabu hizo zinaingia ndani ya DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Programu zingine, tuseme ile ya simu ya muuguzi, zinapita kwenye mlango unaoitwa API: zinauliza na kujibiwa kwa maneno yaliyokubaliwa mbele.

Sasa tuseme fundi anayechunga mlango anageuza «malaria» kuwa «malaria_jumla». Kwake ni usafi tu. Lakini programu inayosoma ripoti ya Kalengera inatafuta lile jina la zamani, hailioni, na kama iliandikwa vibaya inaweka sifuri. Sifuri si sawa na kukosa jibu! Anayepanga dawa atafikiri huko hakuna mgonjwa.

Ndiyo maana DHIS2 inapatia kila kituo kitambulisho cha herufi na namba 11, hata watu waandike jina la kijiji namna gani. Fundi mzuri anaongeza jina jipya, anaacha la zamani kwa muda na kujulisha wote. Na hesabu ikikosekana, mlango wake unasema wazi: haikupatikana.