Kundi la Jumamosi: Jinsi Watafiti Wanavyoshikana Mikono

Likizo ya Agosti iliyopita nilimtembelea shangazi yangu, ambaye anasomea shahada ya uzamifu, ile ya kumfanya mtu aitwe Daktari ilhali hatibu mgonjwa yeyote. Nilitarajia kumkuta ametulia kati ya vitabu. Kumbe! Kompyuta ilikuwa imefunikwa kwa leso, ati hataki hata kuiona. Sura ya pili ya tasnifu yake alikuwa amempelekea msimamizi miezi mitano nyuma, na jibu hakupata. "Mwanangu," akaniambia, "nadhani nitaacha."

Hakuacha. Waliomzuia ni watu wanne anaokutana nao kila Jumamosi asubuhi, na kundi lao ndilo kiini cha makala haya.

Kwanza tuielewe shida yenyewe. Sisi hapa shuleni tuna kengele. Ikilia unaingia darasani, utake usitake, na jirani yako wa dawati anasumbuliwa na hesabu ile ile inayokusumbua wewe. Mtafiti hana kengele. Masomo ya darasani yakiisha, kila mmoja hubaki peke yake na mada yake. Shangazi anachunguza magonjwa ya mihogo, mwenzake mashairi, mwingine bei ya maziwa. Akikwama, hana hata wa kunakili kwake. (Msicheke, walimu wanasoma.)

Upweke huu si wa shangazi pekee. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha uchunguzi wa wanafunzi 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wa uzamifu. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati au zaidi, na asilimia 39 dalili za sonona, yaani ile huzuni isiyoondoka. Ni kweli waliojibu walijitolea wenyewe, na huenda wenye taabu ndio waliopenda kujibu. Hata hivyo, ukipunguza nusu bado ni watu wengi.

Sasa, msidhani kundi lao ni kama makundi yetu ya majadiliano, ambapo anayejua kemia hutufundisha sisi wengine. Kule hakuna anayeijua mada ya mwenzake. Nikauliza, basi mnasaidiana nini? Shangazi akanijibu kuwa ni kama chama cha akina mama, ila badala ya pesa wanazungusha kurasa. Kila wiki ni zamu ya mtu mmoja. Siku tatu kabla ya kukutana huwapa wenzake kurasa 10, si zaidi. Wao hawamwambii kama mihogo inaugua kweli au la. Humwonyesha pale walipopotea njia wakisoma. Siku moja yule wa mashairi alimwuliza, "Hapa unajibu swali gani?" Shangazi akakosa la kusema. Sura nzima ilikuwa maelezo matupu, swali hakuna.

Baada ya mjadala huandika kimya kwa dakika 25, hupumzika dakika 5, kisha huanza tena. Mtindo huo ulibuniwa na Mwitalia Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliuita pomodoro, yaani nyanya, kwa kuwa saa yake ya jikoni ilikuwa na umbo la nyanya. Mimi nilipewa kazi ya kushika saa. Kuwaona watu wazima wameinamisha vichwa kama sisi wakati wa prepu, si kichekesho hicho!

Isitoshe, hupeana habari. Hapa Kenya mtafiti huhitaji kibali cha NACOSTI kabla ya kwenda nyanjani. Aliyekwisha kukipata aliwaeleza wenzake karatasi zinazotakiwa. Naye anayekaribia kutetea tasnifu huketishwa mbele, wenzake wakajifanya watahini na kumhoji bila huruma.

Hata mashirika makubwa yamelitumia wazo hili. CARTA, muungano wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuwa na ofisi zake Nairobi, uliwachukua wahadhiri waliosomea uzamifu kwa makundi, wakahudhuria pamoja semina 4 kuanzia mwanzo wa utafiti hadi mwisho.

Lakini kundi si msimamizi. Hakuna kati yao aliyeweza kuipitisha sura ya shangazi. Walichofanya ni kumsaidia kumwandikia mkuu wa idara barua ya heshima yenye tarehe zote, wakaisoma mara tatu ili kuondoa hasira. Baada ya wiki mbili jibu likaja.

Tena makundi hufa. Lile la kwanza la shangazi lilikuwa na watu 14, chai nyingi, kurasa hakuna. Kila mmoja alikuja kumlalamikia msimamizi wake. Wahenga walisema kilio cha wengi arusi, na kwa maoni yangu huo ndio mtego: kulia pamoja kunapendeza hadi mtu akasahau kuandika. Ndiyo maana kundi la sasa lina sheria. Malalamiko ni dakika 10 za mwanzo, yanayosemwa hayatoki nje, na hakuna kumwandikia mwenzako hata aya moja, kwani huo ni wizi.

Shangazi sasa yuko sura ya nne. Nanyi walimu wetu mnaosomea uzamili wakati wa likizo, mkitafuta mtu wa kuwashikia saa, mimi nipo.