Mshale Kwenye Kioo cha Taa

Anayefufua Volkswagen Beetle ya 1962, mwaka ambao gari hilo lilishinda Safari Rally, hupata bampa, milango na hata injini kabla hajapata taa za mbele zinazolistahili. Taa zenyewe zimejaa sokoni, zinang'aa, na muuzaji ataapa kuwa ni za mwaka huohuo. Usibishane naye. Omba kioo ukisome.

Tafuta herufi E ndani ya duara. E1 maana yake taa iliidhinishwa Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza. Utaratibu huo ulianza 1960, kwa hiyo ukiiona alama hiyo kwenye gari la 1955, ujue taa zilishabadilishwa. Kisha tafuta mshale mdogo. Kwenye kioo cha nchi zinazoendesha kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda, mshale huelekea mkono wa kulia wa mtu aliyesimama mbele ya gari akikitazama. Kioo chenye E kisicho na mshale ni cha wanaoendesha kulia.

Kwa nini jambo dogo hivi lihesabiwe? Ndani ya taa kuna reflekta yenye umbo la parabola. Waya wa fulu huwaka karibu na fokasi yake, na mwanga hutoka umenyooka kwenda mbali. Waya wa dimu umesogezwa mbele kidogo na chini yake kuna kikombe cha bati, hivyo mwanga hugonga nusu ya juu tu ya reflekta na kuelekea chini. Tangu 1957 Ulaya ilikubali dimu isiyolingana pande zote: upande wa pembeni mwa barabara mwanga hupanda kwa nyuzi 15, ili dereva aone mtembea kwa miguu bila kumpofusha anayekuja. Funga kioo cha Ujerumani kwenye Beetle ya Nairobi, na mwanga huo unaopanda utaingia moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori. Gari litapendeza kwenye maonyesho, lakini usiku ni hatari.

Zilizotoka Marekani ni habari nyingine. Huko, tangu 1940, kioo, reflekta na waya vilifungwa kuwa kitu kimoja; ikiungua, unatupa yote.

Ukishapata taa sahihi, usishangae zikiwaka kama kibatari. Beetle ya wakati huo ina umeme wa volti 6, na balbu ya wati 45 huvuta ampea 7.5, mara mbili ya ile ya volti 12. Arthi yenye kutu ikila nusu volti tu, balbu hupoteza takriban robo ya mwanga wake. Watu hulaumu taa, wananunua nyingine, kumbe dawa ilikuwa msasa na waya mnene. Na reflekta ya zamani iliyopakwa fedha usiisugue kwa kitambaa, hata ikiwa imeingia weusi. Mpe anayejua kuipaka upya.

Mwisho simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, sehemu tambarare, uwashe dimu. Mpaka wa mwanga na giza ukae sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa, kisha, upande wa kushoto, mstari uanze kupanda.