Doa la bluu lina sumu kiasi gani?

Chukua mahindi yenye kuvu, yasage, loweka unga wake kwenye methanoli iliyochanganywa na maji, kisha chuja. Weka tone dogo la ulichochuja karibu na ukingo wa chini wa bamba la kioo lililopakwa silika, halafu lisimamishe kwenye chombo chenye kloroformu na asetoni kidogo. Kiyeyushi kitapanda kama chai inavyopanda kwenye andazi ulilochovya ncha tu. Kemikali zinazong'ang'ania silika zinabaki nyuma, zisizoijali zinatangulia. Zima taa ya chumba, washa ya urujuanimno. Ukiona doa la bluu kwenye kimo kile kile ilipofika aflatoksini B1 halisi uliyoiweka pembeni kwa kulinganisha, una kila sababu ya kuwa na wasiwasi.

Hiyo ndiyo kromatografia ya tabaka jembamba, na sumukuvu imetafutwa hivyo tangu miaka ya 1960. Hata majina yametoka hapo: kwa Kiingereza B ni ya bluu, G ni ya kijani. Bamba moja linabeba sampuli kumi na zaidi kwa mpigo. Mimi naipenda.

Ila haitoi namba ya kuaminika kirahisi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa sumukuvu zote kwa pamoja. Je, jicho lako litatofautisha 4 na 7? Na vipi kama kinachong'aa si B1, bali kitu kingine cha mahindi kilichopanda hadi pale pale? Ukikosea upande mmoja, mkulima anamwagiwa mazao yake bure. Ukikosea upande wa pili, watu wanakula sumu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317, wakafa 125.

Basi tunaleta spektrometa ya tungamo, yaani mashine inayopima uzito wa molekuli. Kichwa kidogo cha chuma chenye ukingo mkali kinabanwa juu ya doa, eneo la kama milimita 4 kwa 2 tu. Pampu inapitisha methanoli humo, doa linayeyuka, na kimiminika kinapita kwenye chujio hadi kwenye mashine, ambako kinapuliziwa kuwa matone yenye chaji. B1 ina uzito wa 312. Ikibandikwa protoni moja inasomeka 313. Doa la bluu, kimo sahihi, na 313: hapo ushahidi umeanza kuwa mzito.

Sasa, wengi tunateleza hapa. Tunaona mlima mrefu kwenye skrini tunadhani sumu ni nyingi. Lakini urefu ule unategemea mambo kibao. Methanoli haibebi doa lote, nyingine inabaki kwenye silika. Mafuta na rangi za mahindi zilizoganda hapo hapo zinagombania chaji na B1, kwa hiyo ishara inashuka wakati sumu iko pale pale. Leo utapata kubwa, kesho ndogo, sampuli ni ile ile.

Dawa yake ni pacha. Kuna B1 ya kununua ambayo kaboni zake zote 17 ni kaboni-13. Kwa tabia za kikemia ni ile ile: inapanda bamba pamoja na mwenzake, inapotea pamoja naye. Tofauti ni kwamba inasomeka 330. Weka nanogramu 250 za pacha kwenye gramu 25 za unga, kabla hujamimina kiyeyushi. Mwishoni linganisha ishara ya 313 na ya 330. Ikiwa uwiano ni 0.7, unga ulikuwa na nanogramu 175 za B1, sawa na mikrogramu 7 kwa kilo. Haya mahindi hayapiti. Hata kama nusu ya doa ilibaki kwenye bamba, wote wawili wamepoteza nusu, na uwiano haujaguswa. Ukimweka pacha mwishoni kabisa ili kuokoa hela (na ni ghali kweli), kilichopotea kabla hajafika hakitaonekana.

Utauliza, kwa nini basi tusiache bamba tukamimina kila kitu kwenye mashine? Mwangalie G1. Inasomeka 329, lakini karibu 15 kati ya kila molekuli 100 zake zina kaboni-13 moja ya asili, na hizo zinasomeka 330. Mashine inayosoma namba nzima tu itamhesabu G1 kama pacha wako. Pacha akionekana mwingi, B1 itaonekana chache, na mahindi mabaya yatapita. Kwenye bamba G1 imebaki chini ya B1, haiguswi na kile kichwa cha chuma.

Kabla ya kuanza, osha bamba kwa methanoli na ulikaushe, maana silika hunyonya uchafu wa hewani na wa plastiki, na mashine huuona wote. Na sampuli ichotwe sehemu nyingi za gunia, isagwe pamoja. Kuvu haligawani sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zikiwa chini ya gunia wakati wewe umechota juu, pacha hana la kukusaidia.