Je, Wajua? Mafuta Yanayotuliza Degedege Sugu

Je, wajua kwamba mtoto aliye mahututi kwa degedege lisilosikia sindano anaweza kutibiwa kwa mafuta? Si ya kupaka. Ni mlo unaopitishwa kwenye mpira wa puani, kila gramu imepimwa. (Na asije mtu akammiminia mtoto mafuta mdomoni nyumbani, yatampalia.)

Degedege likipita dakika 5 tayari ni dharura. Lisipokoma hata baada ya saa 24 za usingizi wa nusukaputi, ndipo mlo huu hufikiriwa sana. Kipimo chake cha kawaida ni gramu 4 za mafuta kwa gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Yai la kuku lina protini gramu kama 6 na mafuta 5 tu. Ili lifikie kipimo, utaliongezea karibu kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta ya kula! Mwili ukinyimwa sukari, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo hula hizo.

Kibarua kiko kwenye sukari iliyojificha. Imo kwenye dripu ya glukosi, imo kwenye dawa ya maji ya kifafa chenyewe, na hata kidonge kina wanga wake. Mfamasia hupekua kila chupa. Propofol, dawa ya usingizi, nayo huondolewa, kwa sababu huzuia mwili kuchoma mafuta. Na mtoto aliyezaliwa na kasoro ya kuchoma mafuta hapewi mlo huu kabisa, unaweza kumuua.

Mwaka 2010, daktari Rima Nabbout wa Paris na wenzake waliripoti watoto 9 walioshikwa na degedege sugu baada ya homa. Kwa 7 kati yao lilitulia siku 2 hadi 4 tangu ketoni zionekane kwenye mkojo. Mmoja wa hao 7 alikatishiwa mlo mapema. Degedege likarudi, akafariki. Waliobaki kati ya hao 7 walikuja kupata kifafa, kwa hiyo tusiuite muujiza.

Wala si jambo geni. Zamani watu waliona kuwa mgonjwa wa kifafa akifunga kula, hupata nafuu. Lakini mtoto atafunga hadi lini? Mwaka 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa mafuta mengi unaoufanya mwili udhani bado umefunga, ilhali mtoto anakula.