Shule za Awali za Madrasa na Suala la Mshahara wa Mwalimu

Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzishwa na Wakfu wa Aga Khan mjini Mombasa katika miaka ya 1980 kwa ombi la viongozi wa Kiislamu waliosikitika kuona watoto wa pwani wakiachwa nyuma kielimu, ulijengwa juu ya kile kilichokuwepo mtaani tayari, yaani chuo, mahali mtoto anaposomeshwa Kurani na ambapo wazazi wake wana imani napo. Bi Swafiya Said, mkufunzi wa kwanza, alianza kwa kuzungumza na wazazi na maimamu, na shule ya kwanza ikafunguliwa Liwatoni mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ukafika Zanzibar na Uganda.

Mafunzo ya dini yaliunganishwa na mbinu iliyotokana na shule ya Perry ya Ypsilanti, Michigan, iliyosomesha watoto maskini wa Wamarekani weusi kuanzia mwaka 1962, ambayo humtaka mtoto apange atakalolifanya, alifanye, kisha alieleze kwa maneno yake. Vifaa si vya dukani: mtoto hupima mchanga kwa vifuu, hutenga vifuniko vya soda kwa rangi, akihesabu kwa Kiswahili cha kwao. Utafiti uliofanyika Kenya, Zanzibar na Uganda ulionyesha kuwa watoto wa shule hizi za madrasa walipiga hatua kubwa zaidi kuliko wenzao wa shule nyingine za awali, na hasa kuliko waliobaki nyumbani.

Shule hizi ni mali ya mtaa, ambao hutoa kiwanja au jengo, huchagua kamati, na huteua wanawake wa hapo hapo wapewe mafunzo ya ualimu. Lakini ada ya wazazi wanaoishi kwa vibarua haitoshi kumlipa mwalimu, naye akipata kazi yenye kipato bora huondoka na ujuzi wote aliofundishwa. Ndiyo maana uliundwa mfuko wa kudumu, yaani fedha ambazo zenyewe haziguswi bali hutumika faida yake, utaratibu usio mgeni kwa watu wa pwani waliozoea mali ya wakfu. Wanajumuiya wa pwani walioko Toronto, London au Muscat, ambao michango yao aghalabu huishia kwenye kuta na mabati, wangewafaa watoto wa shule hizi zaidi kwa kuuchangia mfuko wa namna hiyo, ili mwalimu apate mshahara wake kila mwezi.