Baba ameacha sigara, nani atamsaidia asirudi?

Katika familia nyingi, siku baba anapotangaza kwamba ameacha sigara huwa ya furaha. Mama anashukuru, watoto wanampongeza, kiberiti kinarudi jikoni. Wiki ya kwanza kila mtu anamuuliza anaendeleaje. Wiki ya pili maswali yanapungua. Ukifika mwezi wa pili hakuna anayeuliza tena, kwa kuwa nyumbani wanaona suala hilo limekwisha.

Kwake yeye halijakwisha. Kila jioni anapita kijiweni walipo wavutaji wenzake. Akienda msibani anakesha na wanaume kando ya moto huku pakiti ikipita mkono hadi mkono. Siku mambo yakimwendea vibaya kazini, anavuta moja tu. Anamung'unya pipi ya mnanaa kabla ya kubisha hodi nyumbani, na kuanzia hapo kuvuta kunakuwa siri.

Makala haya yanahusu kipindi hicho cha kati, ambacho mtu ameshaacha lakini bado hajasimama imara. Hapo ndipo wengi huanguka, na mara nyingi anayeweza kuwashika mkono ni mtu aliyewahi kuvuta kama wao, akaacha.

Kwa nini wengi hurudi

Moshi wa sigara ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuleta hali ya kutulia. Mwili ukishazoea, ukinyimwa hudai. Mtu anakuwa na hasira za karibu, usingizi unakatika, njaa inaongezeka, akili haitulii. Hali hiyo, ambayo mtaani wengine huiita arosto, huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua taratibu ndani ya wiki mbili hadi nne.

Arosto ikiisha, hubaki mazoea. Kama mtu amevuta miaka 15, mwili wake umeunganisha sigara na kahawa ya asubuhi, na muda wa baada ya chakula, na kusubiri abiria stendi, na hata kupokea simu yenye habari mbaya. Kila moja ya nyakati hizo inaweza kuamsha hamu, hata baada ya miezi kadhaa. Habari njema ni kwamba hamu hiyo hudumu dakika chache tu, kisha hupita, mtu avute au asivute. Kazi ni kuzivuka dakika hizo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema bila msaada wowote ni takriban asilimia 4 tu ya majaribio ya kuacha tumbaku hufanikiwa. Kwa maneno mengine, katika majaribio 100 ya watu wanaojikaza peke yao, 96 hivi hushindikana. Hivyo baba akirudi kwenye sigara, haina maana kwamba haipendi familia yake. Huenda alijaribu kubeba peke yake mzigo unaohitaji watu wawili au watatu.

Aliyepita njia hiyo anaijua

Mke anaweza kumwambia mumewe kwa nia njema, "Si uache tu, mbona fulani aliacha?" Maneno hayo, hata yakisemwa kwa upole, humfanya anayepambana ajione dhaifu. Mwenzake aliyeacha miaka mitatu iliyopita atauliza swali jingine: "Inakubana zaidi saa ngapi?" Halafu atamweleza yeye mwenyewe alifanya nini saa hiyo.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, wanaume wawili waliokuwa wamezama kwenye pombe waligundua kwamba kila mmoja alikaa bila kunywa kwa kuzungumza na mwenzake. Hapo ndipo ulipoanzia ushirika wa Alcoholics Anonymous. Miaka ya 1980, wavutaji wa jimbo la California waliuchukua mtindo huo wakaanzisha ushirika wao, ambao leo unaitwa Nicotine Anonymous. Hapa kwetu, Zanzibar na Bagamoyo zina nyumba zinazojulikana kama soba hausi, ambako watu waliowahi kutumia dawa za kulevya huwasaidia wanaotaka kutoka. Wazo ni lilelile: anayejua shimo lilivyo ni yule aliyewahi kuingia na akatoka.

Utafiti nao unaonyesha kwamba watu huacha kwa makundi. Mwaka 2008, watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kufuatilia watu 12,067 waliohusishwa na utafiti wa moyo wa mji wa Framingham, Marekani, kati ya mwaka 1971 na 2003. Walibaini kwamba mume au mke akiacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuwa mvutaji hupungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, hupungua kwa asilimia 36. Ndugu wa kuzaliwa akiacha, hupungua kwa asilimia 25. Hata katika ofisi ndogo, mfanyakazi mmoja akiacha, wenzake huvutwa kuacha.

Kwa hiyo kijiwe kilichomfundisha mtu kuvuta kinaweza pia kumsaidia kuacha, ikiwa wawili au watatu humo wataamua pamoja.

Jinsi ya kupata wenzako

Huhitaji ofisi wala kadi ya uanachama. Watu watatu hadi watano wanatosha. Ni vyema mmoja wao awe ameacha kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu ameshapita misiba, harusi, sikukuu na ugomvi bila kuwasha. Mtafute kazini, kwenye jumuiya, msikitini au kanisani, kwenye timu ya mazoezi, au miongoni mwa wajomba na mashemeji. Ukiuliza, "Hivi hapa nani aliwahi kuvuta akaacha?" utashangaa ni wangapi.

Mkishapatana, wekeni utaratibu mdogo unaotekelezeka.

Kwanza, simu ipigwe kabla ya kuwasha. Hilo ndilo sharti kubwa. Hamu ikija, unampigia mwenzako, mnazungumza lolote, hata mpira, mpaka dakika zile zipite. Anayepigiwa asitoe mahubiri. Kazi yake ni kukaa na mwenzake kwenye simu.

Pili, kila jioni mwambizane hali. Kundi la WhatsApp linafaa, ilimradi libaki na kazi yake. Neno moja linatosha: "Safi" au "Nimeteleza". Kundi likijaa vichekesho na picha za kutumiana, ujumbe wa anayezidiwa utapotea humo.

Tatu, mkutane ana kwa ana mara moja kwa wiki, mahali pasipo na moshi. Inaweza kuwa baada ya ibada, kwenye juisi ya miwa, au kwa kutembea pamoja jioni. Kila mmoja aeleze wakati mgumu aliokutana nao wiki hiyo na alivyouvuka.

Nne, wekeni fedha za sigara mahali pa kuonekana. Aliyekuwa akitumia Sh2,000 kwa siku alikuwa akiunguza Sh60,000 kwa mwezi na Sh730,000 kwa mwaka. Zikitiwa kwenye kibubu zinalipa michango ya shule. Mtoto akinunuliwa viatu na kuambiwa vimetoka wapi, baba naye anapata sababu ya kuendelea.

Tano, jiandaeni kwa siku za hatari. Kama Jumamosi kuna harusi, mkubaliane Ijumaa nani atakaa na nani. Anayekwenda msibani aende na karanga au jojo mfukoni, na akae upande wa wasiovuta.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu kahawa. Moshi wa sigara hufanya mwili uondoe kafeini haraka. Ukiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vilevile ulivyozoea vinaweza kukufanya uweweseke na kukosa usingizi ukadhani ni arosto. Punguza kahawa na chai ya rangi katika wiki za mwanzo.

Akiteleza, msimfukuze

Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kwa nini watu hurudia uraibu, alieleza kwamba kuteleza mara moja ni tofauti na kurudi kabisa. Kinachomtoa mtu kwenye kuteleza hadi kurudi, alisema, mara nyingi ni ile hukumu anayojipa: "Nimeshaharibu, basi tena." Sigara moja inakuwa pakiti nzima kwa sababu ya aibu.

Hapo ndipo wenzake wanapookoa. Mtu aliyewahi kuteleza mara nne kabla ya kuacha kabisa hawezi kumcheka aliyeteleza mara moja. Wamuulize mambo matatu tu: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, na kesho saa hiyo utakuwa wapi. Kisha siku inayofuata inahesabiwa kama siku ya kazi, na safari inaendelea.

Usisahau mama

Tunazungumza sana kuhusu baba, lakini wapo akina mama wanaovuta na wapo wengi zaidi wanaotumia ugoro, wengine kwa siri hata mumewe asijue. Mwanamke hawezi kwenda kujiunga na kundi la wanaume wa kijiweni, na aibu inamfanya asimwambie mtu. Kama wewe ni mama uliyewahi kutumia ukaacha, neno lako kwa jirani au wifi yako mkiwa wawili tu lina thamani kubwa. Anayenyonyesha au mwenye mimba azungumze pia na mhudumu wa kliniki, bila kuogopa.

Nyumbani wafanye nini

Familia haiwezi kuchukua nafasi ya wenzake, lakini inaweza kumrahisishia njia au kumwekea vikwazo.

Usimnuse shati wala kumpekua mifuko. Mtu anayepekuliwa hujifunza kuficha, na anayeficha hawezi kuomba msaada. Muulize tu, "Leo ilikuwaje?" na ukubali jibu lolote.

Ondoa visahani vya majivu na viberiti vya akiba. Wageni wanaovuta waelekezwe nje, mbali na milango na madirisha, hata kama ni wakwe. Msemaji awe mwenye nyumba, isiwe kazi ya anayepambana.

Usimtume mtoto dukani kununua sigara, ziwe za baba au za mgeni. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inayosimamia bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Zaidi ya sheria, mtoto anayezoea kushika sigara anaziona kama sukari au chumvi.

Msiwafanye watoto kuwa polisi wa baba yao. Waambieni ukweli kwa ufupi: baba anaacha, ni kazi ngumu, kuna siku atakuwa mkali, na si kosa lenu.

Msimcheke akinenepa. Wengi wanaoacha huongezeka kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza. Matunda, mboga na matembezi vitasaidia, na uzito huo hauwezi kulinganishwa na madhara ya sigara.

Faida ambayo watoto wanaipata

WHO linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawavuti, ila huvuta moshi wa wengine. Mtoto anayeishi kwenye moshi ana hatari kubwa zaidi ya pumu, nimonia na maambukizi ya masikio, na mtoto mchanga ana hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini. Kufungua dirisha hakuuondoi moshi wote.

Kwa aliyeacha, mwili huanza kujirekebisha mapema. Ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo hushuka. Ndani ya saa 12 hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hurudi kiwango cha kawaida kwenye damu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hupungua hadi karibu nusu.

Wenzako hawachukui nafasi ya daktari. Mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapimwe kifua kikuu. Anayekohoa damu, anayebanwa kifua, au anayekata tamaa ya kuishi baada ya kuacha sigara awahi hospitali. Huko anaweza pia kuuliza kuhusu dawa za kusaidia kuacha, kama mabandiko na jojo zenye nikotini, ambazo hufanya kazi vizuri zaidi zikiambatana na ushauri.

Na kama wewe msomaji uliacha miaka mingi iliyopita na umeshasahau hata ladha yake, kuna mtu mtaani kwako yuko siku ya tisa na hana wa kumpigia. Mpe namba yako, na akikupigia saa nne usiku, pokea.